Sumaku Yangu Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi
Makala imekubaliwa! Miaka sita ya kichocheo cha chuma — chuma hiki cha kawaida, kinachounganisha molekuli mbili ambazo wenzetu huziunganisha kwa paladiamu, metali adimu kama nini. Jarida wanataka niidhinishe nakala ya mwisho kufikia Jumatatu ijayo. Mkuu wa idara kanishika mkono mara mbili, ananiita Profesa na barua ya cheo haijatoka. Dada kapiga simu: sasa ule na ulale kama binadamu wengine.

Kasoro moja tu. Mwanafunzi wangu wa uzamivu — Bi Taratibu tunamwita, maana hata kizibo hukifunga kwa adabu — amerudia mmenyuko wetu kwa ajili ya tasnifu yake. Asilimia sifuri: hakuna molekuli hata moja iliyoungana.

Jumatano, 6 Machi
Sifuri tena. Mara ya nne. Nilimjia juu mbele ya wenzake. Nikamwambia kama kupima unga wa kichocheo kunamshinda, kemia si lazima, akatafute kazi nyingine. Aliosha vyombo vyake, akavipanga, akaondoka. Niliona vibaya mpaka nilipofika getini, kisha nikasahau.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mwenyewe, kwa unga wake uleule. Tisini na mbili! Nikamwekea chati mezani. Akaitazama weee, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Basi ni mimi."

Sikumbishia.

Ijumaa, 8 Machi
Sina raha. Mtu anayeandika hadi saa ya kufungua dirisha — anakosea mara nne, kosa lilelile?

Nimeorodhesha. Unga mmoja. Alkoholi moja ya kuyeyushia, joto moja, chupa za aina moja. Kilichobaki ni sumaku ya kukorogea, kale kadude keupe kama kidonge kanakozunguka chini ya chupa. Yeye hutumia mpya, za kwenye pakiti. Mimi nina yangu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Naiosha kwa tindikali kila mara, simwazimi mtu. Wananitania kwamba nitazikwa nayo.

Nimeitazama kwa lenzi. Imejaa mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo kuna weusi.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nafanya kazi na paladiamu. Miaka mitatu mizima. Sumaku hii hii.

Jumamosi, 9 Machi
Sumaku yangu kwenye chupa, bila kichocheo. Hakuna unga wa chuma hata chembe. Tisini na moja.

Nilikaa sakafuni.

Jumapili, 10 Machi
Nimegeuza: kichocheo changu, sumaku mpya. Sifuri. Nikarudia. Sifuri. Kwa hiyo chuma changu hakifanyi chochote, na hakijawahi kufanya. Miaka sita nimekuwa nasifia unga, kumbe kazi inafanywa na masalia ya paladiamu kwenye mikwaruzo, uchafu wangu mwenyewe.

Nikapita kwa dada. Akaniuliza mbona nachezea chakula, nikamweleza yote. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema. Akasema, "Basi mdogo wangu..." halafu akainuka kutoa sahani. Najichukia kwa sababu nilitaka amalize.

Jumatatu, 11 Machi
Imeili ya jarida: mwisho ni leo saa kumi. Mkuu wa idara amechungulia mlangoni, vipi, umeshatuma? Karibu, nikasema. Karibu na nini, hata sijui.

Saa nane na nusu. Bi Taratibu amebisha hodi. Ana fomu ya kuacha masomo, ameijaza kote kwa mwandiko wake ule mzuri, imebaki sahihi yangu. Anasema hataki sifuri zake ziniharibie jina. Ameshazungumza na mumewe, wamekubaliana. Anasema asante kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu!

Nimemwambia akae. Nilitaka kumwambia ya sumaku palepale. Nimefungua daftari hili ili nisimtazame usoni. Fomu iko chini ya kiwiko changu. Kwenye kompyuta, nyuma ya mgongo wake, kitufe cha kuidhinisha bado kinangoja.

Anaiangalia kalamu yangu. Anadhani naandika makosa yake. Ameinama kidogo, sasa hivi, anasema kwa upole, "Mwalimu, andika na lile la Jumanne. Nilichelewa dakika mbili kuzima joto."