Ukianguka, Nani Akuinue

Mlandege, Iringa

Kwako Tata,

Shikamoo. Mimi mwanao Ambakisye ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na sababu yake utaisikia. Vipi mgongo? Vipi macho? Kahawa imeanza kuiva, au mvua bado inaichelewesha? Mama Atupele, mke wangu, wewe unayesoma, nakusalimu hapo hapo ulipo nyuma ya ukuta. Soma taratibu ili baba asikie, na usiruke mstari hata ukiona aibu. Nakujua, ukiona pagumu unapenda kuruka.

Kazi yangu ya hospitali imebadilika. Sifagii wodi tena. Kuna daktari mgeni anafanya utafiti juu ya wazee, anataka kujua kwa nini wanaanguka na yanayowapata baada ya hapo, na mimi ndiye mkalimani wake kwa kuwa Kihehe na Kibena vimeshanikaa kidogo. Tunazunguka vijijini kwa gari. Tukifika kwa mzee tunamwomba ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu, atembee mpaka kwenye kamba niliyoilaza chini, ageuke, arudi akae. Daktari anatazama saa. Halafu namuuliza ameanguka mara ngapi tangu mavuno yaliyopita.

Hapo ndipo kazi ilipo, maana wazee wanakataa. Bibi mmoja alinicheka, akasema, “Nianguke mimi, kwani nimekunywa pombe ya nani?” Na huku kiwiko chake hakinyooki. Mwingine alinifukuza kwa mkongojo, eti namwitia mabaya. Mwanzoni nilikuwa naandika “hajaanguka”, basi, twende kwa mwingine. Daktari ndiye aliyenifundisha kutazama. Mzee anayegusa ukuta akipita, aliyeacha kwenda shambani bila sababu, anayekaa karibu na mlango kutwa, huyo ameshaanguka. Anaficha kwa kuwa anaogopa watoto watamnyang'anya jembe na kumkalisha kama mgonjwa.

Nilipojua hayo nikakukumbuka wewe. Krismasi nilikukuta na kovu juu ya jicho, ukasema ni tawi la mkahawa. Nikaamini, tena nikacheka. Lakini uliponisindikiza ulishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, nami niliona, nikaondoka.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda upande wa Nyololo. Kuna mzee wa kwetu kabisa, Mnyakyusa, alimfuata mwanawe anayechuma chai. Asubuhi moja mwana akiwa kazini, mzee aliteleza akishuka kitandani. Nyumbani alikuwepo mkwe wake peke yake. Alimsikia akianguka, akamsikia akiita. Mila yetu unaijua kuliko mimi: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, wala haingii anapolala. Yule mama alisimama nje ya mlango akalia, halafu akakimbia kutafuta mwanamume. Wanaume wote walikuwa mbali kwenye chai, na mvua ilikuwa inanyesha. Aliporudi na mtu, jua lilikuwa linazama. Mzee amelala sakafuni kutwa katika baridi ile ya Mufindi, nyonga imevunjika, nguo zimelowa.

Sisi tulifika kesho yake, tukambeba kwenye gari. Daktari akaniuliza, “Nyumbani alikuwepo mtu mzima mwenye nguvu zake. Mbona hakumwinua?” Nilimgeukia yule mama, akaniambia kwa lugha yetu, “Ningeingia, baba angekufa kwa aibu.” Siku ya tano mzee alifariki, kifua kilimjaa. Jina lake nililiandika mimi kwenye daftari.

Tangu siku hiyo nina hofu. Nikila nakuwaza wewe, nikikaa garini nakuwaza wewe. Nikiona karani wa posta anakuja hospitali roho inaruka, nadhani ameleta simu ya maandishi ya kifo kutoka nyumbani.

Mama Atupele, hapa usiruke. Tata, mkweo aliniandikia mwezi uliopita kwamba alisikia kitu kizito kikianguka chumbani kwako. Alisimama mlangoni na unga mikononi, hajui afanye nini, mpaka alipokusikia unakohoa. Tafadhali usimkasirikie. Aliniomba nisikuambie, na leo namfanya akusomee kwa kinywa chake mwenyewe. Nisamehe, mama Atupele. Wa kunisomea sina mwingine.

Mama ametutangulia. Mdogo wangu yuko Kyela na mpunga wake. Majirani wakienda mashambani, pale mnabaki ninyi wawili na ukuta katikati. Mila hii umeitunza vizuri, nami siidharau. Ukikohoa njiani yeye anaingia migombani ili upite, na iendelee hivyo. Ninayoiombea ruhusa ni siku moja tu, siku ya kuanguka. Mimi mumewe nikimwamuru aingie, hataingia, namjua. Mchungaji akimwambia, ataitikia kwa heshima na bado atabaki mlangoni. Neno la kumruhusu liko kwako peke yako. Najua unachoogopa: akuone chini, nguo zimekaa vibaya, na kesho akupikie ugali akiwa ameyaona. Hata mimi ningeogopa. Lakini yule mzee wa Nyololo alistahiwa kutwa nzima, na stahi ile ndiyo iliyomuua.

Halafu ile ngozi ya mbuzi iliyo kando ya kitanda iondolewe, inateleza. Na ukiamka, kaa kwanza kitandani kidogo ndipo usimame. Hayo ni ya daktari, si ya kwangu.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya macho naitafuta. Salamu kwa mjomba fundi cherehani, na kwa mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyemfundisha mke wangu kusoma. Bila yeye nisingekufikia leo. Atupele mwambie baba yake anampenda, na asome kwa bidii.

Tata, nimeacha nusu ya karatasi hii tupu. Mwambie sasa, akiwa amesimama hapo: siku ukianguka, aingie au asiingie. Mama Atupele, andika hapo chini atakachosema, neno kwa neno, uirudishe karatasi hii hii. Akisema hapana, andika hapana. Akinyamaza, usiondoke. Msomee tena tangu mwanzo.

Ni mimi mwanao ninayekuogopea,
Ambakisye