Mama Ameandikwa Mvivu

Ōpōtiki,
New Zealand.
14 Aprili, 2008.

Mpendwa mdogo wangu Rewi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Perth? Wifi yangu Lorraine na watoto hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili. Moyo wangu ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe.

Jumamosi tulifunua jiwe la kaburi la Mama, maana mwaka umetimia tangu tumzike. Ukoo wote ulikuwapo, isipokuwa wewe. Mchungaji aliomba, tukaimba, kisha mama mdogo Tangiwai akavuta kitambaa kilicholifunika, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika mstari wa mwisho akainama kuusoma tena.

Nilikuomba uyaandike maneno ya jiwe umpelekee mchongaji. Ukanijibu, "Dada nawe! Simu inatosha, nina kazi nyingi." Basi ukamsomea kwa simu, "Our idol", yaani kipenzi chetu tunayemtukuza. Naye akachonga alichosikia: "Our idle". Kwa sikio ni neno lilelile. Kwa jicho, Rewi, ni "Mvivu wetu".

"Mvivu nani?" mama mdogo akafoka. "Huyu aliyepakia matunda ghalani mpaka vidole vikapasuka, na jioni akaja kunilimia viazi vyangu?"

Binamu yetu Pita, unaujua mdomo wake, akadakia, "Basi tumwamshe arudi kazini!" Watu wakaangua kicheko, mbele ya kaburi la Mama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimwendea mchongaji nikiwa nimewaka. Mzee wa watu aliomba radhi, kisha akaniuliza, "Ningejuaje, mama? Nilichopewa ni sauti tu." Ameahidi kuchonga jiwe jingine.

Usinipigie simu ya kunipa pole. Wala usiniambie una kazi. Mama alikuwa na kazi kukushinda, lakini ulipolazwa hospitali alilala sakafuni kando ya kitanda chako mpaka ukapona. Mvivu katika familia yetu yupo, Rewi, ila siye aliyelala pale.

Mama mdogo alisema nisikusalimu, kwa hiyo ujue anakukumbuka. Pita naye anakusalimu, na wanangu pia. Mungu akulinde safarini, kwa sababu safari unayo. Kaburi nimelifunika tena kwa blanketi, na nimewaambia wote kwamba jiwe jipya likija, hakuna atakayelifunua ila wewe, kwa mikono yako, mbele yao.

Ni mimi dada yako, nisingekupenda nisingekasirika hivi,

Ngahuia