Kome wa moshi kwenye mchuzi wa binti yangu

Kipara, leo nusura nimuue binti yangu. Yuko salama, usipige simu.

Unawakumbuka wale kome wa moshi wa kopo niliokuwa nawapikia kule melini? Daktari kamwambia binti damu yake ni kidogo. Nikasema kome wana madini ya chuma kushinda nyama. Nikawakaanga na vitunguu, na yale mafuta ya kopo nikayamimina kwenye mchuzi wa nyanya.

Kala vijiko viwili tu. "Baba, umetia nini humu?" Midomo ikavimba, sauti ikakata.

Kule zahanati, nesi akaniuliza mimi: "Mzee, ana mzio wa nini?" Mimi, baba mzazi! Akajibu jirani aliyetusindikiza: "Kome, kamba, chochote chenye gamba. Mtaa mzima tunajua."

Akachomwa sindano, akapata nafuu. Nesi akauliza ni tangu lini. Binti akasema taratibu, "Tangu nina miaka sita. Msimlaumu, Baba alikuwa safarini."

Msimlaumu! Kipara, bora angenitukana.

Nimerudi kwake kuosha vyombo. Kome waliobaki nimewala wote, nimesimama hapo hapo jikoni. Sijasikia ladha ya moshi wala ya chumvi.