Sheria Yangu ya Ovakado

Kwa Mathenge, juu ya kiwanda cha kahawa,
Othaya.
12 Februari 2026

Mpendwa binti yangu Murugi,

Salamu nyingi kushinda majani chai ya huku. Hapo Lodwar unaendelea aje? Jua bado inakukaanga? Huku tuko wazima, ila mgongo yangu, na hiyo ni kwa sababu ilibeba kazi ya watu watatu. Mama yako Watiri anakula vizuri lakini haongei na mimi.

Hii barua naandika na mkono yangu. Ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nilisoma muhula moja tu, mwalimu akaona hana kitu ingine ya kunifundisha.

Najua mama yako ameshakupigia simu akilia. Sasa sikia kwangu.

Unajua ovakado yangu. Hata soko ya Kagio haijaona kama hiyo. Wezi wakaanza kuvuna ikiwa changa. Zamani mwizi wa shamba alikuwa anatoa mbuzi, wazee wanakula, anaonywa, anarudi kulima. Mimi nikasimama kwa baraza nikasema mbuzi imetosha, sisi tumenona na wizi pia imenona. Mtu akishika mwizi apige nduru, mwizi aende kwa polisi, na hakuna mtu kuondoa kesi hata akiingiwa na huruma. Watu walipiga makofi mpaka chifu akaogopa kazi yake.

Wa kwanza kufungwa alikuwa Waweru, kijana ya jirani yetu Phyllis. Gunia moja tu. Msimu hiyo ovakado ikalala salama, na mimi nikatembea Othaya kama waziri. Halafu Waweru akarudi na marafiki wa huko ndani. Hao hawabebi gunia. Wanakuja na pikapu na msumeno, wanaangusha tawi nzima. Dishon, yule polisi hunywa chai kwangu, aliniambia hivi: "Mzee, hawa hawaogopi miaka ya jela. Wanaogopa kushikwa, na wanajua hatuwashiki." Nikamwambia serikali iliajiri mtu wa mkono mfupi. Akacheka, akamaliza chai yangu.

Basi Jumamosi mchana watu wakaenda mazishi, mimi nikajificha kwa migomba. Mtu akapanda mti. Mbwa yangu, ile imewahi kuuma hata pasta, ilikuwa inatingisha mkia. Hapo ndiyo ningefikiria. Lakini nilikuwa nimeshashika mguu na nduru imetoka, na nduru yangu unaijua, walisikia mpaka Wamagana. Watu wote wa mazishi wakaja mbio. Ndiyo akageuza uso, na ilikuwa Ngatia, kijana yako, mjukuu wangu. Dalali alikuwa anamngoja barabarani, huyo akatoroka.

Ngatia akaniambia polepole, "Guka, si ungeniangalia kwanza."

Sasa ako ndani, na kesi ni mwisho wa mwezi. Mlalamishi ni mimi. Nikiacha iendelee, ataingia huko mwizi wa gunia atoke fundi wa msumeno. Nikiondoa, Phyllis ako hapo kwa ua. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Baba Murugi, hiyo huruma ilikuwa wapi wakati ya Waweru wangu?" Mbele ni Phyllis, nyuma ni mama yako, na mlango nilifunga mimi mwenyewe nikipigiwa makofi.

Nikampelekea Phyllis mbuzi. Akairudisha, ati siyo mbuzi iliongea kwa baraza. Anataka nisimame pale pale, na sauti ile ile, niseme hiyo sheria haikumaliza wezi, iliwasomesha. Nikisema hivyo, tutaenda na yeye kortini kuomba Ngatia aachiliwe.

Baraza ni kesho. Murugi, mimi nimeongea mbele ya watu wengi, nimewachekesha mpaka wakaanguka, lakini hiyo moja mdomo yangu haijawahi kubeba. Tangu jana najaribu kuambia ng'ombe, inaniangalia tu. Kwa hivyo naanza na wewe: sheria yangu haikufanya kazi.

Umeona, imetoka. Kesho nitasema tena.

Nisalimie bwana yako Kasyoka, mwambie mzee wa nyumba asisahau kunywa uji. Kasichana kako Shiro naye mwambie guka bado ndiye mrembo wa Othaya. Mungu akufungulie njia huko, na huku atufungulie hata dirisha.

Ni mimi baba yako, nakupenda hata nikinyamaza,

Mathenge