Usiyapike Majani, Yatie Joto Tu

Mwanangu Mwanamisi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, nami wewe sina la kukuuliza. Hali yako aijuaye ni Mola wako. Basi nakueleza ya huku kwetu Msambweni, kwa mkono huu mzito uliojifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, wewe ukinicheka kwamba herufi zangu zimekaa kama watu waliochoka kusimama.

Ramadhani imeingia. Ni ya kwanza bila wewe.

Watu wanasema nimejikaza. Wanasema hivyo mbele yangu, kwa uzuri, na mimi naitikia alhamdulillahi. Lakini sijajikaza, mwanangu. Nimekufa ganzi. Unakumbuka ulivyoungua ulimi kwa uji wa futari, ukala tende ukasema ni kama unatafuna kitambaa? Ndivyo nilivyo, tena si ulimi peke yake. Juzi juzi, kabla ya mfungo, niliitwa kupika pilau kwenye harusi ya jirani. Wageni walikula, hakuna aliyenung'unika, ila walikunywa maji mengi mno. Nilijua kwa yale maji. Nilipoonja mimi, sikuona chumvi wala kukosekana kwa chumvi. Nikaosha masufuria, nikarudi nyumbani.

Na baba yako haketi tena mkekani na mimi. Anafuturu msikitini kwa tende na maji, anasali tarawehe, anarudi, analala. Sahani ninayomwekea naikuta wakati wa daku, na kawa lake juu yake vilevile nilivyolifunika. Hasemi kibaya. Zamani alikuwa akiniita kwa jina lako, Mama Mwanamisi, hata nikiwa nimemuudhi. Sasa akinitaka hukohoa. Na majirani pia, wanaanza "Mama M..." halafu wanameza, wananiita dada. Wanadhani wananisitiri. Kumbe wananivua.

Basi nikakumbuka ile mboga yako.

Ilikuwa mwaka jana, mvua zile ambazo hazikujua kukatika. Wageni wa mahoteli walikuwa wamekatika wao, baada ya yale machafuko ya huku pwani, na hoteli ya Diani ikawaachisha kazi wewe na mwenzio Mwikali, yule msichana wa Kikamba mliyekuwa mkisimama meza moja ya kukatia mboga. Baba yako naye kazi ya kushona makuti ya kuezekea mahoteli ikamlalia. Sote tukawa ndani, tunasikiliza paa. Na wewe daktari alikuwa ameshakukataza kufunga, damu yako haitoshi, akasema ule majani ya kijani kwa wingi. Mimi nikalishika hilo neno kama amana. Kila siku mchicha wa tui, kila siku unausukuma kando ya sahani na kuufunika kwa wali, ukidhani sioni. Nilikuwa naona. Mchana nilikuwa nakufunua kope la chini kutazama kama pamekuwa pekundu, mpaka ukanikimbia.

Ndipo ukaniambia kuna namna wageni wanavyokula spinachi, majani yake mabichi, yamemwagiwa mchuzi wa moto, mtamu na mchachu pamoja. Mchuzi huo mliuita sosi. Nikauliza unatengenezwa na nini. Ukasema hotelini walikaanga nyama ya nguruwe mpaka ikakauka, wakatumia mafuta yake. Nikashika kifua. Ukacheka, ukasema, "Kwani mama nimesema huyo tutamleta hapa?"

Ukamleta papa mkavu mahali pake. Ukamkata vipande vidogo, ukamloweka kidogo tu, ukamkaanga mpaka akawa analia menoni ukimtafuna. Ukamtoa. Kwenye mafuta yale yale ukatia kitunguu, kikalainika, ukatia sukari, halafu maji ya ukwaju badala ya siki yao, na pilipili manga. Ukauacha uchemke mpaka ukakamata kijiko. Mimi pembeni nakuuliza, sukari kwenye papa, mwanangu, una akili zako?

Na mimi nilikuwa nimefunga, kwa hiyo wewe ndiwe uliyekuwa ulimi wa nyumba. Tangu ulipokatazwa kufunga kazi yako ilikuwa hiyo: nakupa mwiko, unaonja, unasema neno moja. "Imefika." Au unafumba macho, unatikisa kichwa, "Haijafika." Sikuwahi kukubishia. Nilikuwa nakutazama uso tu, na chumvi naitia kwa uso wako.

Siku ile uliponipa bakuli la majani ukaenda kumfungulia baba yako mlango, nikaona haya. Majani mabichi mbele ya mtu aliyeshinda na njaa. Nikayamimina yote sufuriani, na ule mchuzi, nikafunika, nikachochea moto. Uliporudi ukafunua, ukakuta ziwa jeusi. Nilingoja unigombeze. Uliketi kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ukaucheka mkono wangu uliokuwa bado umeshika kifuniko, ukaniambia, "Mama, usiyapike. Yatie joto tu."

Kesho yake ulinifundisha upya. Majani yakauke maji kabisa. Yachanwe kwa mkono. Mtu aketi kwanza, ndipo mchuzi ukiwa unatokota umwagwe mbele yake, ufunikwe kwa muda wa kusema bismillahi na kumega mkate, ufunuliwe. Majani yanakuwa yamelegea, hayajaiva. Mchuzi ule haungoji mtu. Ukipoa, mafuta yanaganda na sukari inabaki peke yake. Kwa hiyo anayekula ndiye anayengojwa.

Baba yako alilitazama lile bakuli, akakutazama wewe. Akasema, "Tangu lini nyumba hii ikafuga mbuzi wa kukalia mkeka?" Na akala. Akala mpaka akafuta bakuli kwa mkate. Tangu hapo kila jioni, akiona kijani, anauliza mbuzi wake watafuturu saa ngapi. Wewe ukawa unakula majani bila kuyafunika kwa wali. Mwezi ukaisha, Idi ikaja, kope lako nikaliona limeanza kupata rangi. Nilishukuru mapema. Homa ilikuja baada ya Idi, mvua bado zinanyesha, na damu ile ndogo haikuiweza. Hapo siendelei.

Jana Mwikali alikuja kutoka Ukunda. Hajapata kazi, anauza mboga, na alikuwa na spinachi za Shimba Hills ndani ya gazeti lililolowana. Aliniamkia shikamoo Mama Mwanamisi, jina zima, bila kumeza, kwa kile Kiswahili chake cha bara. Nikasema marahaba. Nikamwambia leo tunapika ya Mwanamisi. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia sina, lete majani.

Alasiri nikamwendea baba yako uani, anapasua ufito. Nikamwambia afuturu nyumbani, kuna kitu hakingoji. Akaendelea kupasua. Nikasimama pale. Kisha nikaondoka kwenda kuloweka papa.

Nilipika kwa macho. Papa, kitunguu, sukari, ukwaju. Nilikuwa nakumbuka mikono yako zaidi ya maneno. Mwikali hafungi, nikampa mwiko aonje. Akasema utamu umezidi, nikatia ukwaju. Akaonja tena, akasema hapo sawa sasa. Nikamuuliza chumvi. Akasema iko, papa si ana chumvi yake. Nilimtazama uso, nikitaka kuona lile la kufumba macho, na uso wake ulikuwa wake tu, maskini, mtoto wa watu.

Adhana ikatoka. Nikafungua kwa tende na maji, kitambaa kilekile. Nikasali. Nikatandika mkeka, nikaweka bakuli la majani katikati, nikaketi. Mchuzi uko mekoni unatokota na baba yako hayupo. Mwikali anautia maji tone tone usigande. Aliponiuliza kama tuumwage tule sisi wawili nilimwambia ngoja. Akatia tena maji. Nikasikia watu wa mwanzo wanatoka msikitini, wanaagana njiani, hatua zinapita, zinapita. Nilikuwa sioni uchungu, Mwanamisi. Nilikuwa naketi tu kama mtu aliyeambiwa aketi. Nikawaza, asipokuja, basi mboga hii nayo imezikwa, na sitaipika tena.

Akakohoa mlangoni.

Alivua viatu. Akaketi pale pake, akaliona bakuli, kijani kile. Nilingoja aseme habari za mbuzi. Akakunja mikono ya kanzu tu. Mwikali akaleta sufuria, nikamwaga, majani yakalia ssss, nikafunika. Baba yako akasema bismillahi, akamega mkate. Nikafunua.

Akala tonge moja. Akatafuna muda mrefu, kichwa kimeinama. Na mimi nikatia langu. Utamu sikuuona. Papa sikumwona. Lakini ukwaju ulinivuta hapa nyuma ya taya, pande zote mbili, mpaka mate yakanijaa. Nikameza taratibu, nisije nikaitia hofu ladha hiyo ikakimbia.

Baba yako alifumba macho. Akatikisa kichwa.

"Mama Mwanamisi," akasema, "haijafika."

Mwikali akainamisha uso. Mimi niliinuka kwenda kufuata chumvi jikoni. Kibati cha chumvi kiko mahali pake kila siku, na nilikipapasa kama nyumba si yangu. Kisha nikajikuta nakimbia, mwanangu, miguu hii, uani, gizani, ili mchuzi usipoe.

Wewe lala. Leo nimewaloweka papa wengine.

Ni mimi,
Mama Mwanamisi