Ulinifundisha Nisikuangalie

Yaya Fiston, kaka yangu,

Usitegemee salamu ndefu. Nimekukasirikia tangu Jumamosi ile, na sasa miezi minne imepita, hasira bado iko palepale. Kanisani wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Mimi sikusengenyi, nakusema wewe mwenyewe usoni, kwa hiyo sidhani kama nimekosa.

Nikupe habari kwanza. Meza yako ya kutengeneza simu, pale nje ya saluni yetu, imechukuliwa na Mrundi mmoja mpole. Mteja akimuuliza simu itakuwa tayari lini, anajibu ukweli: kesho kutwa. Watu walishazoea uongo wako wa "dakika kumi, mama", basi wanamwona mvivu. Mkeo Solange amehamia Pinetown kwa dada yake na amepata kazi ya kushona kiwandani. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila anachopewa. Timu yako bado inacheza kila Jumamosi mchana. Na mimi bado narusha.

Ni wewe uliyeniingiza katika mchezo huo, sikuomba. Tulikuwa tumefika Durban mwaka wa Kombe la Dunia, na miaka michache baadaye yule Mmarekani aliyekuwa anafundisha Kiingereza kanisani akarudi kwao akakuachia mpira wake wenye ncha mbili. Kila mtu hapa alidhani ni mpira wa raga. Wewe ukaanza kutazama video za futiboli ya Kimarekani kwenye simu za wateja, ukidai unajaribu kioo. Siku moja uliniona nikimrushia panya kopo la mafuta ya nywele saluni, kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki, nikampata. Hukusema pole wala hongera. Ulisema nimeshapata kazi.

Tulicheza ule wa bendera, wanaume na wanawake pamoja. Hakuna kuangushana. Kila mmoja anafunga vitambaa viwili kiunoni, na ukichomolewa kimoja umekamatwa. Tuliocheza nao walikuwa wanafunzi wa chuo na watu wa maofisini waliokulia kwenye raga, wana mbio, wana viatu vinavyofanana. Wewe uliwatazama siku ya kwanza, ukatuambia kwa sauti ya chini kwamba hao hatutawashinda kwa miguu, tutawashinda kwa uongo.

Na uongo ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Kulikuwa na Sanamu: nainua mpira nyuma ya sikio kana kwamba nataka kuutupa mbali, wao wote wanatazama juu, Bosco, rafiki yako wa miguu mifupi, anapita nyuma yangu mbio anauchukua mkononi mwangu. Kulikuwa na Ugomvi: kabla mchezo haujaanza naacha nafasi yangu ya mrushaji, natembea kuelekea pembeni nikikugombeza kwa Kiswahili kwamba mpira hauna upepo na wewe huna akili, wewe unanijibu kwa Kifaransa, wapinzani wanashika viuno kutazama Wakongo wakigombana, na mpira umeshaenda moja kwa moja kwa Bosco. Mara nyingi ugomvi wenyewe ulikuwa wa kweli. Nilikupenda sana siku hizo, mjinga wewe.

Halafu kulikuwa na Mgonjwa, mchezo wako mwenyewe. Unachechemea kuelekea mstari wa pembeni, umeshika paja, uso umeukunja, kama mtu anayekwenda kupumzika. Unasimama hatua moja kabla ya mstari. Hakuna anayemlinda mgonjwa. Mimi natazama upande wa pili, nahesabu mpaka saba, nageuka na kurusha kwenye mstari bila kutafuta, wewe unadaka na kukimbia. Refa mmoja alikuambia katika ligi kubwa ni marufuku kujifanya unatoka. Ukamjibu hujatoka, unachechemea ndani ya uwanja, na kuchechemea ni haki ya kila mtu. Alicheka, akakuachia.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, na uliifundisha wiki nzima, ukinisukuma shavu kwa kiganja kila macho yangu yalipokuponyoka.

"Usiniangalie, petite, mdogo wangu. Ukiniangalia, umeniuza."

Nilitii, kwa sababu hila zako hazikuwa za uwanjani peke yake. Ile wiki wanaume wenye fimbo walipokuwa wanawasaka wageni mtaani, tukafunga saluni, ni wewe uliyenipitisha. Ulishika simu sikioni ukaongea Kizulu kwa sauti na kucheka na mtu ambaye hayupo. Mimi uliniamuru nitazame mbele, nisikuangalie, nisifungue mdomo. Tulipita mbele yao karibu kabisa, mmoja wao akakusalimia, ukamjibu "sharp" kama kijana wa hapahapa. Tangu siku hiyo ulichoniambia nilikifanya kwanza, maswali baadaye.

Sasa tuje Jumamosi ile.

Tulikuwa nyuma kwa alama nne, na muda unakwisha. Tulipokusanyika ulisema Mgonjwa. Ulikuwa umeloa jasho kutushinda wote, nikadhani umeshaanza kuigiza. Ukaondoka ukichechemea. Mkono haukuwa pajani, ulikuwa kifuani. Niliuona, Yaya. Niliuona nikasema moyoni, leo ameongeza chumvi, kisha nikageuza uso kama nilivyofundishwa.

Nilipofika nne nilisikia kishindo. Sikugeuka. Nilihesabu tano. Sita. Saba.

Nikarusha. Mpira ulikupiga mgongoni ukadunda nje ya mstari. Ulikuwa umelala kifudifudi, na mimi, mtoto wa mama yako, badala ya kukimbia nilikupigia kelele mbele ya watu: "Yaya, uko unalala?" Timu yetu ikacheka. Tulisimama pale tukingoja uinuke ukimbie, kwa kuwa Fiston ni Fiston, lazima kuna kitu. Wa kwanza kukufikia alikuwa yule mzee mwenye upara wa timu pinzani, uliyemdanganya kwa Mgonjwa mara tatu msimu huo. Yeye hakukujua vya kutosha. Alipiga magoti, akakugeuza, akaanza kukukandamiza kifua akiita msaada, na ni sauti yake iliyotutoa usingizini.

Katika matanga akina mama wa kanisa walikaa wakisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nilitaka kuwafukuza. Maradhi gani, wakati ulikuwa unabeba magunia ya unga mabega yote mawili? Siku ya tatu Bosco akanivuta pembeni, analia mpaka hasikiki, akaniambia alikupeleka hospitali kwa gari lake mwezi mmoja kabla. Daktari alikuambia moyo umevimba, usikimbie tena. Ukamwapisha Bosco asiseme. Mimi uliniambia ni gesi, nipunguze maharage.

Nilipunguza maharage, Fiston. Wiki tatu nzima Solange na mimi tulipika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi kwa ajili ya gesi yako, na wewe ukala, ukanisifu kwamba tumbo limetulia. Bosco nilimpiga kofi palepale, watu wakafikiri ni kilio. Lakini kofi lile lilikuwa lako, yeye alilipokea kwa niaba.

Najua kwa nini ulificha, na kujua huko ndiko kunanichoma zaidi. Ungeniambia, ningekuangalia. Ningekuangalia ukipanda ngazi, ukila, ukilala, ningekaa kando ya uwanja nimeshika viatu vyako usicheze. Hukutaka macho hayo. Basi ukanifanyia mimi mchezo uleule uliowafanyia wale wa chuo: ukanitazamisha upande wa pili.

Jumamosi iliyopita tulikutana tena na timu ileile. Bosco akasema tucheze Mgonjwa mara moja kwa heshima yako, achechemee yeye. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki kwenye barua. Wengine wakamuunga mkono, wakasema marehemu angefurahi. Nikaona nikikataa wataniita mchawi wa timu, nikaenda kuchukua mpira.

Alichechemea vibaya, kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Nikageuza uso. Moja. Mbili. Kwenye tatu shingo ilikataa. Niligeuka nikamtazama Bosco waziwazi, kuanzia viatu mpaka kichwani, nimeshika mpira kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Yule mzee mwenye upara akafuata macho yangu, akaenda kusimama mbele ya Bosco bila hata kukimbia. Mimi nikachomolewa kitambaa. Tukashindwa.

Bosco akanijia. "Eish, Neema. Juu ya nini umeniangalia?"

Nikamwambia nilitaka kuona kama anapumua. Walikusanya chupa za maji, tukapanda gari lake, tukarudi mjini.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu, uipokee au usiipokee. Sanamu tutaendelea nayo. Ugomvi pia, nitagombana na Bosco, sababu zipo tele. Mgonjwa tumeuzika rasmi, nimewaambia anayetaka kuchechemea achechemee kwake. Mtoto wako akikohoa nitamwangalia. Mtu yeyote wa nyumba hii akishika kifua nitamwangalia mpaka akasirike, na akiniambia ni gesi nitampeleka mwenyewe nikae ndani na daktari nisikie kwa masikio yangu. Watanichukia. Nimeshajiandaa.

Sijakusamehe. Solange anasema itakuja yenyewe. Mimi sina haraka. Lala sasa, nenda zako salama, na huko uliko kama kuna uwanja usimfundishe mtu hesabu ya saba.

Ulisema nikikuangalia nimekuuza. Ungeniacha nikuuze, Yaya.

Mdogo wako,
Neema