Ukurasa wa 112

Jumatatu, 4 Machi

Fomu ya uprofesa imekuja. Mara ya tatu. Nastaafu mwezi wa tisa, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho—nikikosa, nitakufa mhadhiri mwandamizi. Wanataka nitaje nilichoandika, na nani amekitumia. Niandike nini? Kitabu kimoja cha nadharia ya siasa, makala sita, miaka thelathini na moja. Wanafunzi wananiita Mzee Dibaji, eti kipindi kinaisha nikiwa bado kwenye utangulizi. Wanadhani sijui.

Nimekula chakula cha mchana ofisini, peke yangu. Mlango nimeuacha wazi. Hakuna aliyechungulia.

Jumatano, 6 Machi

Mkutubi kaniita maktaba. Mama huyu hacheki ovyo, leo kacheka. Kasema kitabu changu kimenukuliwa mara sitini na tatu, mpaka nchi ambazo sijawahi kufika. Sitini na tatu! Nilitaka kumkumbatia, nikashika kiti.

Halafu akanionyesha orodha. Sitini kati ya hizo ni ukurasa mmoja, wa 112. Sentensi moja: "Mtawala hamwogopi anayempinga, anamwogopa asiyemhitaji." Kurasa nyingine mia mbili na ushei, ni kama hazikuandikwa. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema kompyuta haina upendeleo, mwalimu.

Furaha nayo inataka wa kuambiwa. Nimemwambia mlinzi wa geti. Akasema hongera, akauliza kama nimefunga dirisha la ofisi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshusha sanduku la muswada kutoka juu ya kabati. Nilitaka kuona nilivyoiandika sentensi yenyewe. Mwandiko wangu, wino wa bluu, sura ya tano yote ipo. Sentensi haipo. Ipo kwenye nakala iliyopigwa chapa tu.

Aliyepiga chapa ni mke wangu. Aliyekuwa mke wangu. Miezi minne kwenye meza ya kulia chakula, mtoto mapajani.

Lazima nimesahau. Labda nilimtajia kwa mdomo.

Ijumaa, 8 Machi

Uongo. Jana nimejidanganya kwenye daftari langu mwenyewe, na hakuna mwingine anayelisoma. Nakumbuka vizuri sana. Nilimwuliza hii imetoka wapi. Akasema aya ilikuwa inaning'inia, nimekumalizia, kama huitaki ifute. Sikuifuta. Wala asante sikusema. Kwenye dibaji nikamshukuru "kwa kupiga chapa kwa uvumilivu". Miaka minane baadaye akaondoka, bila ugomvi, na mashine yake ya chapa akaibeba.

Mkuu wa kitivo kapita mlangoni. Kasema safari hii mambo yameiva, ukurasa ule utakubeba. Fomu ina mahali pa kusaini: nathibitisha kazi hii ni yangu peke yangu. Mwisho Jumatatu, saa sita mchana. Kalamu ninayo. Mkono ndio umegoma.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempigia binti yangu kuomba namba ya mama yake. Akasema mama hajawahi kubadilisha namba, baba. Ni ile ile.

Nimeosha vyombo. Sahani moja, kikombe kimoja. Nimeviosha mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Saa nne asubuhi. Kapokea. Kasema "Ehee, mwalimu," kana kwamba tuliagana juzi dukani. Nimemweleza yote—mkutubi, zile sitini, fomu. Akauliza, wanasema hayo maneno ni ya nani? Nikasema yangu. Akauliza, na mimi humo kitabuni ni nani? Nikafungua dibaji nikamsomea.

Akasema, hebu soma tena.

Nimesoma tena. Nilipofika kwenye "uvumilivu" nikafunga kitabu. Nikamwambia, "Najuta," kwa neno hilo hilo, sikuzunguka. Kasema ngoja, maji yamechemka, usikate.

Naandika haya kwa mkono mmoja, simu sikioni. Fomu iko mezani, mahali pa saini bado peupe. Namsikia anafungua kabati. Anaweka kikombe mezani, kimoja tu. Anakoroga. Hana haraka yoyote.

Sijakata.